Mzigo Usiotozwa Ushuru

Msafiri afikaye Mokambo, katika sehemu ya Sakania, kusini kabisa ya Katanga, hahitaji kuambiwa kwamba amefika mpakani. Malori yamesimama kwa msururu, akina mama wamejitwika vichwani magunia ya unga, vijana wanasukuma baiskeli zilizosheheni. Upande huu ni Kongo, upande ule ni Zambia, na mji wa machimbo wa Mufulira hauko mbali. Wapo wanaovuka ili wauze na kununua. Wapo wanaovuka kwenda kuwaona ndugu zao, kwa maana mstari uliochorwa na wakubwa wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 uliwagawa watu wa ukoo mmoja, na hata leo Kibemba kinasikika pande zote mbili. Wapo pia Wazambia waendao kwa ndugu zao wa Luapula: hao huingia Kongo hapa Mokambo, hufuata barabara ya kilomita 70 hivi katika nchi isiyo yao, na hutoka tena huko Chembe, penye mto Luapula. Zamani mto huo ulivukwa kwa kivuko. Tangu mwaka 2008 pana daraja.

Watu hawa wote, wakubwa kwa wadogo, huulizwa neno lilo hilo moja: “Umebeba nini?” Na kila mmoja hujibu kadiri ya mzigo wake. Huyu ana mahindi, yule ana nguo, yule ana saruji. Lakini katika watu hao wamo Wakristo wengi waliobatizwa na kuimarishwa kwa Sakramenti ya Kipaimara, na hao wamebeba mzigo mwingine usiopimwa kwa mizani wala kuandikwa katika daftari la forodha. Wamebeba imani. Basi leo twataka kuuliza pamoja nanyi, ndugu wasomaji: Mkristo apitaye njiani, afanyaye kazi sokoni, asomaye shuleni, aufanyie nini mzigo huo? Je, aufiche mpaka afike nyumbani? Au ampe na mwenzake?

AGIZO HALIKUWA LA MAPADRE PEKE YAO

Kila Mkristo ajua kwamba Bwana wetu Yesu Kristo, kabla ya kupaa mbinguni, aliwaagiza wanafunzi wake waende kwa mataifa yote, wawafundishe watu na kuwabatiza. Wengi wetu twalisikia agizo hilo kila mwaka kanisani, kisha twarudi nyumbani na kusema mioyoni mwetu: “Hiyo ni kazi ya mapadre na masista. Ndiyo sababu walisoma miaka mingi.”

Mawazo hayo si ya Kanisa. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi ya misioni iliyotolewa mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa lenyewe, kwa asili yake, ni la kimisionari. Na Kanisa ni nani? Si jengo la matofali, wala si mapadre tu. Kanisa ni sisi sote tuliobatizwa. Basi ikiwa Kanisa limetumwa, kila aliye kiungo chake ametumwa pia, ingawa si kila mmoja ametumwa kwa namna moja. Padre hutumwa altareni na katika kiti cha maungamo. Baba na mama hutumwa kwa watoto wao. Dereva hutumwa kwa madereva wenzake. Mwanafunzi hutumwa kwa wale akaao nao dawati moja.

Tena historia yetu wenyewe yatufundisha jambo hilo. Katika Katanga hii reli kutoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1911 wakaja Wasalesiani wa Don Bosco, wakiongozwa na Padre Joseph Sak, ambaye baadaye aliwekewa mikononi nchi yote hii ya Luapula ya Juu, ilipofanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1925. Kazi yao ilikuwa kubwa na yastahili shukrani. Lakini nchi ilikuwa pana, vijiji vilikuwa vingi, na mapadre walihesabika kwa vidole. Ni nani basi aliyekaa kijijini siku ambazo padre hakuwapo? Ni nani aliyewafundisha watoto Ishara ya Msalaba, akamfariji mgonjwa, akambatiza mtoto aliyekuwa akikata roho? Alikuwa katekista na Wakristo wenzake, watu wa jembe na nyundo. Imani ilisafiri na wachukuzi, na vibarua wa reli, na wachimbaji wa shaba, na wanawake walioolewa mbali na kwao. Majina ya wengi wao hayakuandikwa mahali popote duniani, lakini Mungu anayajua.

MJENZI ALIYEKUWA NA NENO LA KUSEMA

Mmoja wa watu wa namna hiyo tunamjua kwa jina, na Kanisa limemtangaza kuwa Mwenye Heri. Ndiye Isidore Bakanja, mtoto wa Kongo, kutoka nchi ya Ikweta. Kijana huyu aliondoka kwao kutafuta kazi, kama vijana wetu wanavyoondoka leo, akaajiriwa kazi ya kujenga huko Mbandaka. Huko akakutana na Wakristo, akajifunza dini kwa wamisionari Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Siku ya ubatizo wake alipewa rozari, na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli aliivaa shingoni.

Baadaye alikwenda kufanya kazi Ikili, katika mashamba ya kampuni moja ya Wabelgiji. Huko hakukuwa na padre wala kanisa. Je, Bakanja aliikunja imani yake na kuiweka sandukuni mpaka siku atakapourudia mji? La, hasha! Alisali rozari mbele ya wenzake. Walipomwuliza habari za sala hiyo, aliwaeleza. Waliotaka kujifunza, aliwafundisha yale aliyoyajua. Hakuwa padre, hakuwa hata katekista aliyetumwa kwa barua. Alikuwa kibarua tu.

Msimamizi mzungu wa mahali pale, aliyewachukia wamisionari, alimkataza kuwafundisha wenzake na kumwamuru avue skapulari. Bakanja hakuivua. Mwanzoni mwa mwaka 1909 msimamizi akaamuru achapwe kwa mjeledi wa ngozi uliokuwa na misumari, hata mgongo wake wote ukawa kidonda. Aliteseka kwa miezi. Mapadre walipofika na kumsihi amsamehe aliyemtesa, alijibu kwamba amekwisha msamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Akafa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni vema, wasomaji wapenzi. Bakanja alipewa imani na watu, naye akawapa watu. Alikaa katika imani kwa muda wa miaka mitatu na miezi michache tu tangu ubatizo wake. Je, sisi tuliobatizwa tukiwa wachanga, tumeikaa miaka mingapi, na ni nani aliyeipata kwetu?

MWENYE HERI WA FORODHANI

Labda mtu atasema: “Hayo yalikuwa ya zamani, siku za mpira na mijeledi. Siku hizi mambo ni mengine, hasa mahali kama Mokambo, ambapo mtu asiyejua ujanja atakufa njaa.” Kwa mtu huyo tuna habari nyingine, tena ya siku zetu, tena ya mpakani.

Kaskazini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mokambo, upo mji wa Goma, unaopakana na Rwanda. Katika mji huo alizaliwa mwaka 1981 kijana aitwaye Floribert Bwana Chui. Alisoma sheria katika chuo kikuu. Akiwa angali mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant’Egidio, chama cha walei kilichoanzia Roma, na pamoja na wenzake akawahudumia watoto wa mitaani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Aliwafundisha kusoma, akawapatia chakula, akawatafutia nafasi shuleni. Huo ulikuwa utangazaji wake wa kwanza wa Injili: kumwita kwa jina mtoto ambaye wengine humwita mwizi.

Kisha alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa ziingiazo nchini. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama vyakula vivukavyo mpaka ni vizima au vimeharibika. Wenye kazi za namna hiyo wajua jaribu lake. Ulipoletwa mzigo wa vyakula vilivyooza, wenyewe walimpa fedha ili aruhusu upite. Alikataa. Wakaongeza fedha, wakamtisha, akakataa tena. Alimweleza mtawa mmoja aliyekuwa rafiki yake kwamba fedha hizo zingekwisha upesi, lakini watu watakaokula vyakula vile yatawapata yapi? Tena alijiuliza kama angeweza kuzipokea na bado akasema kwamba anaishi katika Kristo.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Siku mbili baadaye maiti yake ilionekana, yenye alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26. Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya vijana na makatekista wa Kongo waliokusanyika Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, akawapa awe kielelezo chao. Na tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri na mfiadini.

Mfiadini! Neno hilo lilimshangaza mtu mmoja na mwingine. Hakuna aliyemwambia Floribert aikane Misa au aitupe rozari. Walimwambia tu apige muhuri. Lakini Kanisa limeona kwamba kijana huyu, alipokataa kupiga muhuri ule, aliikiri imani yake waziwazi kama wale walioikiri mbele ya wafalme. Alimtangaza Kristo kwa neno fupi kuliko yote, nalo ni “Hapana.”

Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo letu. Imani hutangazwa kwanza kwa mikono, halafu kwa midomo. Mkristo akipima pungufu sokoni, hata akivaa msalaba mkubwa kifuani, amekwisha wahubiria wateja wake kwamba Kristo hana nguvu juu ya mizani. Mkristo akidai kitu kidogo kwa huduma ambayo mwenzake ana haki ya kuipata bure, amekwisha mfundisha mwenzake kwamba ubatizo ni maji tu. Watu wa Mokambo, wa Sakania, wa Kipushi na wa Kasumbalesa hawatasoma vitabu vya teolojia. Watatusoma sisi. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliandika mwaka 1975, katika waraka wake juu ya kutangaza Injili, kwamba watu wa siku hizi huwasikiliza zaidi mashahidi kuliko waalimu. Na ikiwa wanawasikiliza waalimu, ni kwa sababu waalimu hao ni mashahidi pia.

CHEMA CHAJIUZA, LAKINI KIWEKWE SOKONI

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wako Wakristo wanaoipenda sana methali hiyo, kwa kuwa yawapa nafasi ya kunyamaza. Husema: “Mimi naishi vizuri, yatosha. Anayetaka kuona, ataona.”

Twakubali nusu ya neno hilo. Ni kweli kwamba imani haihitaji kelele, wala vipaza sauti usiku kucha, wala kumtisha mtu kwa moto wa Jehanamu ili aje kwetu. Lakini hata kitu chema hakijiuzi kikiwa kimefungiwa chumbani. Mama aliye na nyanya nzuri huzipanga mezani, tena akiulizwa bei huitaja. Vivyo hivyo Mkristo mwema, watu wakiona maisha yake, siku moja watamwuliza: “Kwa nini hukupokea zile fedha? Kwa nini ulimsamehe ndugu yako? Mbona humwachi mkeo ingawa hamkupata mtoto?” Saa hiyo ndiyo saa ya kusema. Mtume Petro aliwaonya Wakristo wa kwanza wawe tayari sikuzote kumjibu yeyote aulizaye juu ya tumaini lililomo ndani yao, nao wajibu kwa upole na heshima. Mkristo aliyeulizwa sababu ya tumaini lake, akajibu “Basi tu, ndivyo nilivyo,” amejitwalia sifa ambayo ni ya Kristo.

Tumesema kwa upole na heshima. Mokambo, kama mji wowote wa mpakani, ina watu wa dini nyingi. Wapo Waprotestanti, wapo Waislamu, wapo wafuasi wa makanisa yaliyozaliwa juzi, wapo wanaoshika mila za mababu. Wote ni watoto wa Mungu, na wengi wao huishi kwa unyofu unaotupasa kuuheshimu. Mtaguso wa Vatikano ulitangaza mwaka 1965 kwamba hapana mtu apaswaye kulazimishwa katika mambo ya dini. Kwa hiyo hatushiriki imani yetu kwa kuitukana imani ya jirani, wala kwa kumnunua maskini kwa mfuko wa unga. Mashindano ya dini yafanywayo kilabuni, mezani penye chupa, hayakumleta mtu hata mmoja kwa Kristo. Yameleta ngumi tu. Twatoa, hatulazimishi. Anayepokea, amshukuru Mungu. Asiyepokea, abaki jirani yetu mpendwa, na siku ya msiba wake tuwe wa kwanza kufika.

WATOTO WAWILI WA PAIMOL

Ninyi wanafunzi mwaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya watu wazima. Basi sikilizeni habari za vijana wawili wa Uganda, Daudi Okelo na Jildo Irwa, wa kabila la Waacholi. Walibatizwa mwaka 1916 na wamisionari wa Komboni huko Kitgum. Katekista wa kijiji cha Paimol alipofariki, wao wawili walijitolea kwenda kushika mahali pake. Padre aliwaonya kwamba sehemu ile ilikuwa na hatari, kwa maana kulikuwa na magomvi na umwagaji damu. Hawakurudi nyuma. Daudi alikuwa kijana wa miaka kumi na sita au kumi na minane hivi. Jildo alikuwa mdogo kwake, angali mtoto.

Kazi yao huko Paimol haikuwa na jambo la kushangaza. Asubuhi walipiga ngoma ya kuwaita watoto, wakasali nao, wakawafundisha sala na maswali ya katekisimu, kisha wakaenda mashambani kufanya kazi pamoja na wanakijiji. Mnamo Oktoba 1918 watu walikuja kuwataka waache kufundisha dini na kuondoka. Walikataa, wakauawa kwa mikuki. Tarehe 20 Oktoba 2002 Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza Wenye Heri.

Mwanafunzi wa leo haitwi kwenda Paimol. Lakini yawezekana katika darasa lake yumo mgeni aliyetoka ng’ambo ya mpaka, asiyejua bado Kiswahili wala Kifaransa, ambaye wenzake humcheka. Kumketisha karibu nawe, kumsaidia hesabu, kumwalika Jumapili mwende naye kanisani kama wazazi wake wanaridhia: hiyo ni ngoma ya asubuhi ya Daudi na Jildo.

MZIGO UONGEZEKAO UKIGAWIWA

Mizigo yote ivukayo Mokambo ina sheria moja: ukigawa, hupungua. Gunia la mahindi likigawiwa nyumba kumi, kila nyumba itapata kidogo. Imani haifuati sheria hiyo. Yohane Paulo wa Pili alifundisha katika barua yake ya mwaka 1990 juu ya utume wa Mkombozi kwamba imani huimarika inapotolewa. Katekista yeyote atakuambia jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe: somo hulielewa mara ya kwanza siku anapolifundisha. Mzazi aliyeanza kusali na watoto kwa ajili yao, baada ya mwaka mmoja huona kwamba watoto ndio wanaomrudisha yeye katika sala. Imani isiyotolewa haikai salama ilivyo. Hukauka polepole, kama mbegu iliyowekwa ghalani hata msimu ukapita.

Basi tufanye nini? Tutaje mambo machache tu, tena yaliyo karibu.

La kwanza, tuanze nyumbani. Baba asaliye mbele ya watoto wake, hata kwa dakika tano kabla ya kulala, amefanya kazi ambayo hakuna padre awezaye kuifanya badala yake. Mama afundishaye Salamu Maria huku akipika, nyumba yake ni shule ya katekisimu.

La pili, tusiwaache pweke wasafiri. Madereva hulala siku kadhaa wakingoja hati zao. Wafanya biashara wengine ni wasichana wasio na ndugu mahali hapa. Maaskofu wa Kongo waliamua tangu mwaka 1961 kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, za watu wanaojuana kwa majina. Jumuiya ya namna hiyo ikiwa mahali pa mpakani, itakuwaje hai kama haina nafasi kwa mpita njia? Kumwonyesha mgeni njia ya kanisa, kumwambia saa ya Misa, kumpa maji na kiti: mambo hayo ni madogo, lakini wengi walirudi kwa Kristo kwa sababu ya kiti kimoja.

La tatu, kila mmoja aichunguze kazi yake. Mwenye mizani, mwenye muhuri, mwenye usukani, mwenye chaki: ajiulize ni neno gani mikono yake inalitangaza tangu Jumatatu hata Jumamosi. Kukataa rushwa kwaweza kumgharimu mtu cheo, na Floribert kulimgharimu uhai. Hatusemi kwamba ni jambo rahisi. Ndiyo maana mtu asijaribu kulifanya peke yake. Wakristo wanaofanya kazi mahali pamoja wajuane, wasali pamoja, wasaidiane. Mmoja akipoteza mkate kwa sababu ya haki, wengine wagawane naye wao.

La nne, tuombe. Wazee na wagonjwa wasiseme kwamba hawana kazi katika shamba hili. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu aliingia katika monasteri ya Lisieux, Ufaransa, akiwa na miaka 15, akafa humo akiwa na miaka 24, bila kuiona nchi yoyote ya misioni. Hata hivyo, mwaka 1927 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Moja alimweka kuwa msimamizi wa misioni zote, sawa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliyevuka bahari hadi India na Japani. Papa huyo huyo ndiye aliyeanzisha, mwaka 1926, Dominika ya Misioni, ambayo twaiadhimisha kila mwaka katika Oktoba. Yule aliyesafiri sana na yule asiyesafiri wamepewa heshima moja, kwa sababu upendo wao ulikuwa mmoja.

Wazee wetu waliipokea imani kutoka kwa watu waliotembea kwa miguu. Wengi wa waliowaletea hawakuwa na elimu kubwa, hawakuwa na fedha, na baadhi yao walilala makaburini kabla ya kuona matunda. Kama wangaliona haya kusema, sisi tusingalikuwa na jina la Kikristo tunaloitwa leo. Na upo mtoto, labda hajazaliwa, ambaye atakuja kumjua Mungu au kutomjua kwa kadiri ya jinsi sisi tutakavyoishi mwaka huu, katika njia hii, penye malori na magunia.

Mwenye Heri Isidore Bakanja na Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, ndugu zetu wa damu na wa nchi, watuombee ili tusipite kimya.